Nailoni ya Chini

Tayari nilikuwa nimeiinua nyundo juu ya kichwa changu, na dada wa huduma kwa wateja alikuwa bado ananibembeleza kwenye simu. "Kaka, izime, subiri ipoe, halafu uiwashe tena."

Ipoe! Laptopu bado mpya inanizimikia katikati ya kuhariri video ya harusi ya watu, kadi yake ya kuchakata picha inachemka mpaka kibodi inaniunguza vidole, feni inalia kama mtu anayekabwa koo, halafu mimi nisubiri?

"Dada, unanifanya mtoto mdogo?"

"Hapana, kaka. Samahani kwa usumbufu."

Hiyo samahani ndiyo iliyonimaliza. Nikashusha nyundo. Kioo kikapasuka. Nikapiga tena, na tena, vitufe vikaruka kama meno, kimoja kikanichana shavu, na sikuacha mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Kaka, upo?" simu ikauliza. "Swali la mwisho tu. Ile nailoni ya kiwandani, kule chini kwenye matundu ya hewa, mliibandua?"

Nikaigeuza laptopu. Nailoni ilikuwa palepale, imeyeyuka, imeziba kila tundu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyekataza isibanduliwe, ili laptopu isichakae, na kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa kibichi.

"Mume wangu," akasema polepole, huku akirudi nyuma, "weka chini hiyo nyundo."

Sikujua kwamba nilikuwa nimeiinua tena.