Mkunjo wa Kikaratasi

Asubuhi ya Jumapili, ukumbi wa dansi ukiwa bado unanuka bia na jasho, Tunu aliketi kaunta. Idara ya afya ilimtuma kila wiki kuchukua vidonge na unga uliodondoshwa na wachezaji, ipate kujua ni dawa gani mpya za kulevya zimeingia mjini kabla hazijaua mtu.

Mzee Bushiri, mfagiaji, alimsogezea kisosi. "Leo kuna kigeni, mwanangu. Hiki sijawahi kukiona."

Kilikuwa kikaratasi cheupe, kimekunjwa kama bahasha ndogo, ncha moja imechomekwa ndani ya nyingine bila gundi. Tunu alivaa glavu, akakifungua polepole. Unga wa rangi ya waridi. Akachota kidogo, akautia kwenye kichupa. Kisha, huku akimuuliza mzee habari za mgongo wake, akakikunja tena.

"Hebu ngoja," mzee alisema. "Mimi nilikifungua alfajiri, nikahangaika weee mpaka kikakubali kufungika. Wewe mara moja tu! Nani kakufundisha?"

Tunu akaitazama mikono yake. Alijifunza mkunjo ule utotoni, nyuma ya duka la dawa la baba yake, wakifungasha poda za homa. Baba aliubuni mwenyewe, na mpaka leo hujisifu kwamba hakuna mwingine aujuaye ila wao wawili.

"Mwanangu?"

Kikaratasi kilitulia kiganjani, kimefungika kama ambacho hakijaguswa. Tunu hakukitia kwenye boksi la sampuli. Wala hakukirudisha kwenye kisosi.