Zabibu za Mzee Asukile

"Hapo patatuama maji," Lugano alisema, akatua jembe. "Tusogee juu kidogo."

"Chimba hapo hapo," baba yake akajibu kutoka kibaraza cha nyuma, amejifunika blanketi mpaka masikioni. Kisha akashikwa na kikohozi kirefu kilichomfanya aegemee ukuta.

Lugano akachimba. Manyunyu yalikuwa yakianguka kijijini Nkunga tangu alfajiri, hayamloweshi mtu ila yanamchosha. Udongo ulinata kwenye jembe, kwenye buti, kwenye viganja. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya zabibu kule Hombolo, Dodoma, ambako watu huilalamikia mvua kwa kuchelewa. Alijua kwamba huku kwao, kwenye ukungu na matone yasiyokwisha, zabibu zingeoza majani kabla hazijatambaa. Alishamweleza baba. Mzee Asukile alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama shamba dogo nyuma ya nyumba lingetosha mistari mitatu au minne.

Mgonjwa wa kifua ambaye huenda asiuone mwaka mwingine, utabishana naye nini? Unachimba.

Mama yake, Agness, ndiye aliyemwita. Tangu amzike mkewe Prisca wakati wa masika, Lugano alikuwa hapokei simu ya mtu. Kazini hakwenda. Alilala na nguo zake, akaamka, akalala tena. Simu ya mama aliipokea kwa kukosea, akitaka kuizima, na sauti ikamwambia, "Baba yako anatuacha, mwanangu. Usiku na mchana anataja zabibu. Njoo umpandie, aende ameridhika."

Akapanda gari la Mbeya na mfuko wa pingili za mizabibu zilizoviringishwa kwenye gunia bichi.

Sasa siku zilifanana. Asubuhi mama alimgongea mlango. "Baba anauliza kama umeamka." Lugano angependa kubaki kitandani, ila mzee alikuwa ameshakaa kibarazani kwenye baridi, anamsubiri. Mchana sahani ya ndizi ilikuwa moja kwa wote wawili, kwa kuwa mzee alikataa kula peke yake. "Nisaidie, chakula hakinipiti," alisema, na Lugano akala ili baba naye ale.

Jioni waliota moto jikoni. Jirani yao Jotham hakukosa kupita, mikono ameificha kwapani.

"Ndaga, mama Lugano," alisalimu kwa Kinyakyusa. "Baridi ya mwaka huu ina hasira. Isongole viazi vimeungua majani yote."

"Hata chai haichipui," mama akasema. "Wachumaji wanarudi na vikapu nusu."

"Na mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunamshukuru Mungu. Leo amekula."

Mzee akakohoa ndani ya blanketi, kisha akazirudia zabibu zake. Nguzo ziwe za mti gani? Waya upite juu au chini? Mistari ielekee mlimani Rungwe au bondeni? Lugano alijibu kwa mkato, macho yakimuwasha kwa moshi na kukosa usingizi. Siku nyingine alijikuta ameshika kijiti, anachora mistari kwenye majivu.

"Prisca ndiye alikuwa anajua kuikatia mizabibu," alisema jioni moja, bila kuulizwa. "Mkono wake ulikuwa mwepesi."

Hakuwahi kulitaja jina hilo tangu msibani. Mama akachochea kuni, na Jotham akarudi kwenye habari za baridi.

Mashimo yalipokwisha, mzee akataka nguzo. "Nenda Isongole ukaangalie miti. Uchague mwenyewe, mimi sijui."

Lugano alipanda bodaboda asubuhi. Hawakuwa wamefika mbali mnyororo ukakatika. Dereva akachuchumaa kando ya barabara na spana yake, akasema, "Kaka, hapa ni kazi. Tafuta nyingine." Nyingine haikupita. Ukungu ulikuwa umeshuka hata magari yanawasha taa. Lugano akaamua kurudi kwa miguu, akikatiza kwenye migomba ya watu, mabega yakimuuma kwa kazi ya jembe. Alikuwa akiwaza kwamba mzee hatafika mwisho wa kipupwe, na kwamba yeye mwenyewe hana nguvu za kusimama kwenye kaburi jingine.

Karibu na nyumbani akasikia shoka.

Alidhani ni Jotham amekuja kuwasaidia kuni. Akasogea, akachungulia kati ya migomba. Kando ya jiko, mtu aliyevaa singlendi tu katika baridi ile alikuwa akipasua gogo la mti wa mlingoti. Aliinua shoka juu ya kichwa, akalishusha, na gogo likaachana kwa pigo moja. Akasimamisha jingine bila hata kupumzika.

Alikuwa baba yake.

Agness alikuwa ameinama anaokota kuni. Akajinyoosha polepole, mkono kiunoni.

"Nimechoka, baba Lugano," akasema. "Kila siku uongo, kila siku uongo, kwa mtoto wangu wa kumzaa. Utaumwa mpaka lini?"

Mzee Asukile akajifuta jasho la uso kwa kiganja.

"Mpaka apone."

Lugano alirudi nyuma taratibu, hatua kwa hatua, mpaka barabarani. Akasimama pale kwenye ukungu hadi vidole vikafa ganzi, kisha akaja tena akipiga hodi tokea mbali, kwa sauti kubwa, na kutembea polepole ili awape muda wa kuficha shoka.