Mate ya Mwenza

Kila asubuhi, mashine ya mlangoni mwa chuo hupima mate ya mwenza kinywani mwa mwanafunzi wa kigeni, kuthibitisha kwamba ndoa yao ni ya kweli. Yakikosekana, viza hufutwa na wote wawili hurudishwa kwao.

Tunu, mwanafunzi wa uzamivu, aliacha kumpenda mumewe Mrisho mwezi Machi. Mrisho hutumia ugoro.

"Fungua mdomo, Daktari," Mrisho alisema. "Leo usinitapikie."

Tunu alifungua. Uteute wa uvuguvugu, wenye chembe za ugoro, ulimpita kwenye ulimi. Mashine iliwaka kijani.

"Zimebaki wiki tatu nitetee tasnifu," Tunu alisema, akijifuta kwa kanga. "Baada ya hapo, kila mtu kwao."

Mrisho alicheka. "Nimeshakuombea masomo mengine. Sheria inamruhusu mwenza. Wamekubali miaka minne, na ukikataa wanafuta hata hii shahada."