Sauti Ndani ya Pindo

Siku hizi kila nguo hubeba sauti ya aliyeishona, sekunde chache tu ndani ya pindo, nayo husikika nguo ikipata joto. Ndiyo sheria. Lakini wanaonunua hawasikilizi. Huvaa mara mbili, kisha hutupa kwenye lundo nyuma ya mtaa wetu, na jua la saa sita likiwaka, lundo zima hunong'ona.

Kila Jumapili mimi huenda pale kumtafuta mama. Alishona blauzi kiwandani miaka kumi na tisa, akameza vumbi la nyuzi hadi kifua kikamuua, nami nikashika cherehani yake pale kiwandani.

Nilikuwa nimepata blauzi zake tatu. Katika ile ya zamani zaidi anaimba wimbo aliokuwa akinibembelezea. Nikiipiga pasi, ni kama yuko jikoni anakoroga uji wa wimbi, na mimi bado sijaanza shule. Katika ya tatu anafika katikati ya wimbo, anakohoa.

Jana nilipata ya nne, ya manjano, ina kifungo cha akiba bado. Niliipiga pasi mezani, binti yangu Mumbua akiwa kando. Wimbo ulikuwa ule ule, ila umechoka, na kikohozi kikaukata mapema zaidi.

"Msikie nyanya yako," nikamwambia. "Hizi ni siku zake za mwisho."

Mumbua aligeuza kola, akasoma lebo, akazima pasi.

"Mama," akasema taratibu, "hii imeshonwa mwaka jana. Ni wewe."