Nungunungu na Ua la Buluu

Zamani, wanyama walipoanza kuagiza maua kwa posta, Nungunungu ndiye aliyewauzia vitunguu vya maua vya kupanda. Kitabu chake kilijaa picha za kutamanisha, lakini kabla ya kufunga kifurushi alitafuna moyo wa kila kitunguu kutokea chini, ili yeye peke yake abaki na bustani yenye maua. Mteja akilalamika, alimjibu kwa upole, "Pole, ndugu yangu. Ni udongo wako."

Siku moja aliona picha ya ua la buluu kwenye kitabu cha Kanga, mwenye duka jipya. Macho yakamtoka. Akatoa gunia zima la viazi vikuu kwa kitunguu kimoja, akakipanda, akakimwagilia maji miezi mitatu. Hakikutoa hata jani.

Akakifukua, akakimbilia dukani miiba imemsimama. "Kanga, umeniibia!"

"Pole, ndugu yangu. Labda ni udongo wako."

"Udongo gani! Tazama hapa chini, mtu ameutafuna moyo! Alama za meno mawili hizi, na moja limepinda!"

"Ajabu," akasema Kanga. "Mimi vitunguu vyangu vyote hununua kwako."

Wateja wote dukani wakageuka kumtazama Nungunungu. Kobe, ambaye kwake maua hayakuwa yameota miaka mitatu, akasogea taratibu mpaka mbele.

"Hebu rudia, mzee," akasema, "na safari hii ufungue kinywa vizuri."

Tangu siku hiyo, ukimuuliza Nungunungu habari za maua, hafungui kinywa. Hutikisa miiba tu.