Kanga na Tovuti Inayowakawaka

Hapo kale, lakini simu zilikuwa zimeshaingia porini, ndege Mnana alikuwa fundi wa tovuti. Alimtengenezea Kanga, muuza mayai, ukurasa mmoja mwepesi: picha ya mayai, bei, na namba ya kupiga. Wateja wakamiminika.

Siku moja Kanga akaona tovuti ya Tausi, akanuna. "Fundi, yangu imepooza. Nihamishie kwenye zile tovuti zilizoundwa tayari, zinazowakawaka."

"Mama, kule kila mlango una bawabu wake."

"Wewe hamisha tu!"

Mnana akahamisha huku moyo ukimuuma. Haikupita wiki, Kanga akaja mbio, manyoya yamemsimama. "Umeniloga? Hata mteja mmoja hakuna!"

"Hebu ingia mwenyewe, ununue yai."

Kanga akaingia. Dirisha likaruka kwenye simu: kubali masharti. Akakubali. Likaruka jingine: jiunge upate habari zetu. Akajiunga. La tatu likamtaka athibitishe kuwa yeye si mashine, achague picha zote zenye mayai. Kanga akachagua ya kahawia kama yake, akayaacha meupe ya Kuku. "Hayo nayo ni mayai?" akasonya.

Akafungiwa nje ya duka lake mwenyewe.

Mnana alicheka mpaka akashikilia tawi. Ule ukurasa wa zamani alikuwa ameuhifadhi, akaurudisha palepale.

Kanga akautazama kwa mapenzi. Kisha akainamisha shingo. "Fundi wangu, huwezi kuniwekea hata kanyota kamoja? Kanakowakawaka?"

Mnana akashusha pumzi, akaweka.