Arobaini Nukta Moja

"Badilisha."

Mwalimu Ndambuki alilitupa daftari la Mutheu mezani, likateleza hadi ukingoni mwa sinki. Kidato cha Tatu kizima kikaangua kicheko, kile cha watu wanaoshukuru kwamba leo si zamu yao.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila meza ya maabara ilikuwa na gololi ya chuma iliyoning'inia kwenye uzi. Unaivuta kidogo, unaiachilia, unaihesabu ikienda na kurudi mara ishirini, saa mkononi. Kitabu kinasema kwamba kwa uzi wa mita moja utapata sekunde arobaini nukta moja, na kitabu kila mtu alikuwa amekisoma. Basi madaftari yote yalisema arobaini nukta moja, au nukta mbili kwa wale waliotaka kuonekana waaminifu. La Mutheu lilisema thelathini na nane nukta saba.

"Uzi ukiwa mfupi gololi huenda mbio, ukiwa mrefu huenda polepole," Mwalimu alisema. "Nimewafundisha ama sijawafundisha?"

"Umetufundisha, Mwalimu."

"Na hizi nyuzi nimezikata mimi mwenyewe jana, mita moja kila moja. Sasa hizo sekunde zako zingine zimeenda wapi? Masii, sokoni?"

Wakacheka tena. Wendy, wa meza ya mbele, hakucheka. Alikuwa akilipigia jibu lake mstari kwa kalamu nyekundu. Siku hiyo Mwalimu angechagua mwanafunzi mmoja wa kwenda Nairobi kwenye mashindano ya sayansi, na shule nzima ilijua kwamba atakuwa Wendy, kama mwaka uliopita. Binti wa Mwalimu mwenyewe angeshindwa na nani? Ni kweli kwamba mwaka huo walitolewa siku ya kwanza tu, na Mwalimu akarudi amenuna. Sababu hakumwambia mtu.

Mutheu alikuwa ameitaka nafasi hiyo tangu Kidato cha Kwanza. Kwao Kivaa alikuwa amemwambia mama yake kwamba safari hii ni yeye, na mama ameshawatangazia wenzake kanisani. Sasa alimtazama Mwalimu, akamchukia kwa moyo wake wote.

"Wee, andika tu arobaini," Festus, mwenzake wa meza, alinong'ona. Yeye daftarini mwake alikuwa ameshaandika. "Asi! Unataka tuwekwe hapa hadi tukose chakula cha mchana?"

"Tumehesabu pamoja, Festus. Saa uliiona."

"Niliiona. Kwani saa ndio itatusahihishia mtihani?"

Mwalimu alikuja akasimama karibu kabisa na Mutheu.

"Mara ya mwisho. Wenzako wote wamekosea, wewe peke yako ndio mjuaji?"

Kalamu alikuwa nayo mkononi, na nafasi ya kuandika ilikuwepo. Angefuta tarakimu tatu, aandike nyingine tatu, na pengine jina lake lingefikiriwa.

"Nimepima mara tatu, Mwalimu. Ni hiyo tu. Siwezi andika kitu sijaona."

"Basi simama hapo watu wakuone."

Akasimama. Machozi yakamtoka mbele ya darasa zima, na hakujisumbua kuyafuta. Huko nyuma mtu akaigiza kilio chake. Mwalimu hakumkanya. Aliufungua uzi wa meza ya Mutheu, akaenda nao hadi mbele, akaunyosha taratibu kando ya rula ya mita.

"Wendy, soma."

Wendy aliinama. Alipitisha kidole hadi mwisho wa uzi.

"Tisini na tatu."

"Leta wa meza yako. Soma na huo."

Hakuna aliyecheka sasa. Festus alilivuta daftari lake polepole, akalifunga.

"Tisini na tatu," Wendy alisema, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

Mwalimu Ndambuki, bila kuonyesha mshangao wowote, aliandika jina la Mutheu ubaoni na kando yake "Nairobi", akapangusa chaki mikononi, kisha akamgeukia binti yake.

"Na wewe, jioni nyumbani utaniambia hiyo arobaini nukta moja uliipima kwa uzi gani."